Neno la Pili

Asubuhi aliyokufa Abiria, alikuwa jikoni anasuuza kikombe. Binti yake, mshona nguo, alikuwa ameketi kwenye cherehani akishona mkono wa gauni la mteja. Akamwambia bila kuinua macho, baba, ukimaliza hapo niwekee maji ya chai. Bomba likaendelea kumwaga maji, cherehani ikaendelea kulia, na mkono wa gauni ukakamilika kabla binti hajagundua kwamba baba yake alikuwa ameshakwenda zake. Hakuanguka. Alikuwa wima pale pale kwenye sinki, visigino vimegusana, kidevu juu, mkono mmoja umeshika kikombe na wa pili umenyooka kwenye mshono wa suruali.

Binti alifunga bomba. Akakitoa kikombe mkononi mwake, akakifuta, akakirudisha kabatini. Kisha akaenda kumwita shangazi.

Kazi ilikuwa kumlaza. Walimbeba wakamnyoosha kwenye kochi, wakageuka kutafuta shuka, naye akainuka. Aliinuka taratibu, bila kukunja goti, kama ngazi inayoegemezwa ukutani. Wakamlaza tena, akainuka tena.

"Mwacheni," alisema shangazi. "Kaka yangu hajaruhusiwa."

Hakuna aliyeshangaa, maana ndivyo alivyoishi. Alizaliwa kambini, katika ukoo ambao watoto hujua kupiga kiwi buti kabla ya kujua kupenga kamasi. Babu yake alikuwa askari, na baba yake, Sajini, alikuwa askari mpaka usingizini. Siku moja, Abiria angali mtoto wa shule, filimbi ya Sajini ilipotea. Sajini akamweka mwanawe katikati ya sebule akamwambia: mguu sawa, na usitikisike mpaka nikuambie. Kisha likaja lori kumchukua Sajini kwenda mpakani. Aliporudi, mvua zilikuwa zimekuja na kuondoka, na filimbi ilikuwa imeonekana mfukoni mwa koti lake mwenyewe. Akaivaa shingoni. Lile neno la pili, mguu pande, linalomruhusu askari kutanua miguu na kupumua, hakulisema. Angelisema, ingekuwa amekiri kwamba mtoto hakuwa na kosa.

Tangu siku hiyo Abiria hakukaa kitako. Alipokua, akaanza kusafiri, kwa kuwa kazi za kusimama zilikuwa mbali na nyumbani. Alikagua tiketi kwenye treni za bara, akawa mlinzi wa usiku kwenye sitaha za meli, akafungua mlango wa hoteli katika mji ambako theluji ilimfika magotini na wageni walimtundikia makoti wakidhani ni kifaa cha hoteli. Alilala ameegemea kuta za nchi nyingi, kama ufagio. Alituma picha nyumbani, nyuma yake daraja hili, mnara ule, na katika zote visigino vimegusana. Mama wa binti aliondoka mapema. Alisema ameolewa na mlingoti, tena hata bendera hauna.

Dereva mstaafu wa treni, aliyekuja kuhani, alikumbuka vizuri. "Kiti chake tulikiuza kikiwa bado kwenye nailoni," alisema. "Mtu wa watu yule. Ila ukimkaribisha kukaa, machozi yanamlengalenga."

Mwaka uliopita alirudi na sanduku moja la magurudumu. Watu aliwaambia amechoka na baridi. Binti aliona mwenyewe: kila asubuhi baba yake alikwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha Sajini, akangoja. Ndani, Sajini aliongeza sauti ya redio.

Adhuhuri seremala alileta jeneza, akamtazama marehemu, akatazama jeneza.

"Mimi niliagizwa la kulala," alisema. "La kusimama hilo si jeneza, ni kabati."

"Basi tutengenezee kabati," alisema shangazi.

"Na rafu?"

Shangazi alimtazama mpaka akachukua futi yake na kuanza kupima.

Binti hakutaka kabati. Alitaka baba yake alale, japo mara moja. Akaingia chumbani kwa Sajini, akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Babu, ni maneno mawili tu."

"Nayajua."

"Joto ndilo hili. Hawezi kukaa hadi kesho."

"Hajakaa miaka yote hiyo."

"Na filimbi si hiyo umeivaa?"

Sajini aliishika, kama mtu anayepapasa mfuko wake sokoni. "Amri haifutwi kwa sababu mtu kafa. Ingekuwa hivyo, nusu ya jeshi wangekufa kukwepa zamu."

"Nakuomba. Mimi mjukuu wako."

"Unaomba kiraia," alisema Sajini, akaongeza sauti ya redio.

Binti alirudi sebuleni. Akapanda stuli yake ya cherehani ili afike sikioni kwa baba yake, akasema kwa sauti aliyoweza, "Mguu pande, baba. Tafadhali."

"Askari haambiwi tafadhali," ilisema sauti kutoka chumbani.

Jioni walimzika wima. Wachimbaji walilalamika kwamba hilo si kaburi, ni kisima, lakini walichimba. Kabati likateremshwa kwa kamba, bawaba zikilia. Sajini alikuja na sare iliyopigwa pasi, akasimama ukingoni, na udongo ulipojaa akatoa heshima za mwisho.

"Mguu sawa," aliamuru.

Waombolezaji waliendelea kujipepea. Binti peke yake alisikia visigino vyake vikigusana na kidevu kikipanda. Alingoja. Sajini aligeuka akaenda kwenye gari, akafunga mlango.

Nyumbani binti alipika amesimama, akapakua amesimama. Alijaribu stuli yake mara kadhaa. Magoti hayakukunjika. Gauni la mteja lilikuwa bado chini ya sindano, limeshonwa mkono mmoja.

"Kaa, unanikingia taa," alisema Sajini, akitafuna.

"Siwezi, babu. Sema lile la pili."

"Nani kakukataza kukaa?" Akaivua filimbi, akaipumulia, akaifuta kwa ncha ya shati mpaka ikang'aa, akaivaa tena.

Shangazi alikwenda chumbani kwa marehemu, akarudi akiburuta lile sanduku, akalifuta vumbi, akalisimamisha kando ya mlango.

"Magurudumu bado mazima," alimwambia binti.

Binti aliinua mpini ajaribu uzito wake. Halikuwa zito.