Bastola ya Tatu Dukani kwa Delmar

Asubuhi hiyo Arlys Hruska aliamka kabla ya ng'ombe wake, akavaa buti la kushoto mguu wa kulia, akajicheka peke yake pale jikoni. Mumewe, Gene, alimchungulia kutoka nyuma ya kikombe cha kahawa.

"Wewe mama, unakwenda kununua bastola au unakwenda kuolewa?"

"Siku ya kuolewa nililala fofofo," Arlys alimjibu huku akibadilisha viatu. "Usiku wa leo sikufumba jicho."

"Na humu ndani bunduki zimejaa kama mafagio."

"Zimejaa, ndiyo. Iliyo yangu ni ipi?"

Gene akanywa kahawa yake. Arlys alizaliwa msichana pekee kati ya ndugu watano, katika ranchi moja kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, na kila silaha aliyowahi kuishika ilikuwa imekwisha kumchosha mtu mwingine. Bunduki yake ya kwanza ilitoka kwa kaka mkubwa, kitako kimefungwa waya. Iliyofuata ilitoka kwa kaka wa pili, na hiyo ulikuwa huwezi kuifyatua mpaka uibembeleze. Alipoolewa akarithi za Gene. Alilenga vizuri kuwashinda wote, na wote walijua, lakini kila msimu wa Krismasi kipya kilikwenda kwa wanaume. Sasa alikuwa amestaafu kuendesha basi la shule, ana miaka sitini na kitu, na alikuwa amejiapiza kwamba kabla theluji haijaanguka atamiliki bastola moja mpya kabisa, ambayo hakuna kidole cha mtu kilichotangulia kuizoea. Tena alijua aina anayoitaka: ile ndogo ya risasi za ishirini na mbili, yenye silinda ya matundu sita, ambayo kila ukitaka kufyatua lazima kwanza uivute nyundo kwa kidole gumba. Bastola ya watu wasio na haraka. Ya kupigia makopo uani, na ya nyoka wa njuga anayenyemelea banda la kuku.

Barabarani aliimba njia nzima. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa na kibali cha kununua bastola kutoka kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Mwingine ulikuwa na tochi ndogo na risasi sita za bandia za kujaribia, zile za shaba tupu zisizo na baruti. Mtu anayenunua kitu chake cha kwanza kipya hakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Duka la Delmar Quist liliuza kila kitu, kuanzia mbegu za majani ya ng'ombe hadi chambo za samaki, na silaha zilikuwa kaunta ya mwisho, karibu na mlango wa nyuma unaotokea kwenye uwanja wa shabaha. Arlys akafika pale anahema. Akasimama ghafla.

Kwenye kaunta ile aliegemea mwanamke mfupi mwenye kofia pana na mkia wa nywele nyeupe. Corliss Beem! Tangu utotoni, walipokuwa wote kwenye chama cha vijana cha kulenga shabaha, kila maonyesho ya kaunti Corliss aliondoka na utepe wa buluu, Arlys akabaki na mwekundu wa mshindi wa pili.

"Ala!" Corliss akapaza sauti. "Delmar, hebu ficha makopo. Nafasi ya pili imefika."

"Shikamana na kaunta, Corliss, usije ukaanguka," Arlys akamjibu. "Umri umekwenda. Unatafuta nini hapa?"

"Natafuta kinachokuhusu? Nimekuja kununua bastola. Ndogo, ya silinda."

"Ya nyundo ya kuvuta?"

"Ya nyundo ya kuvuta."

Wakatazamana. Delmar, mtu mnene mpole ambaye hakupenda ugomvi hata wa paka, akakohoa, akainama, akaibuka na maboksi matatu.

"Zimeingia jana," alisema. "Tatu tu. Kiwanda kinasema nyingine labda majira ya kuchipua. Nyinyi wawili, bastola tatu. Kwa hiyo mambo shwari, sivyo?"

"Shwari kabisa," walisema wote kwa pamoja, na furaha ikamrudia Arlys kama maji ya bomba lililofunguliwa.

Delmar akaitoa ya kwanza. Akafungua kile kimlango cha kutilia risasi, akaizungusha silinda wote watatu waone matundu sita matupu, ndipo akamkabidhi Arlys. Chuma kilikuwa cheusi chenye buluu ndani yake, mpini wa mti mwekundu, na harufu ya mafuta mapya ilimpanda Arlys puani. Alitamani aseme hapohapo: nifungie. Lakini akajishika. Akaielekeza ukutani, akafumba jicho moja, akatazama juu ya mtutu.

"Corliss, njoo uone. Macho yangu yananidanganya?"

Corliss akaja, akafumba jicho, akapiga mluzi. "Hayakudanganyi. Hiki kilengeo cha mbele kimelala kama mlevi aliyeegemea nguzo."

"Kilengeo si kibaya. Mtutu wenyewe haukukazwa ukafika mahali pake. Wameuacha kabla haujasimama wima."

"Kitu kidogo hicho," Delmar akajaribu. "Unasogeza kilengeo cha nyuma kidogo upande wa—"

"Delmar," Corliss akamkata, "ungeoa mwanamke kichwa kimegeukia dirishani, ukaambiwa usogeze dirisha?"

Delmar mwenyewe akacheka, akairudisha ndani ya boksi.

Basi wakaichukua ya pili, na sasa kitu cha ajabu kikatokea: wanawake wale wawili waliosumbuana tangu wakiwa na meno ya utoto wakajikuta wanafanya kazi bega kwa bega kama mafundi wa saa. Corliss alishika tochi, Arlys akavuta nyundo polepole sana, akisikiliza. Klik. Silinda ikageuka na kujifunga barabara, haikucheza hata kidogo alipoitikisa kwa vidole. Tundu la kwanza, sawa. La pili, sawa. Yote sita sawa.

"Inasema vizuri," Corliss alinong'ona.

"Inaimba. Hebu mwanga, hapa, kati ya silinda na mtutu."

Uwazi ulikuwa mwembamba kama unywele, sawasawa juu na chini. Wakachungulia mdomo wa mtutu: mviringo safi, hauna pengo. Kilengeo kimesimama kama askari. Arlys akatoa zile risasi za bandia, akazitumbukiza moja moja. Tano zikateleza zenyewe. Ya sita ikakwama nusu.

Akaisukuma kwa kidole, ikaingia shingo upande. Kuitoa, kile kijiti cha kusukumia maganda kiligoma mpaka Delmar akakipigapiga kwa kiganja.

"Mwanga," Arlys akasema. Wakachungulia ndani ya tundu lile, vichwa vimegongana. Kuta zake zilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, kama kinu kilichochongwa na fundi aliyeitwa chakula cha mchana kabla hajamaliza.

"Shetani huyu!" Corliss alipiga kaunta. "Ningeinunua mimi hii, Arlys. Haki ya Mungu ningeinunua, nikafika nayo nyumbani, ganda likanikwamia mbele ya mkwe wangu."

"Na mkwe wako anavyocheka."

"Anavyocheka kama farasi!"

Wakacheka wote wawili hadi Arlys akafuta machozi kwa mkono wa koti. Delmar akaandika alama juu ya boksi la pili, akilalamika kwamba kesho atakuwa na kazi ya kurudisha mizigo kiwandani badala ya kuuza, ila usoni hakuonyesha kununa.

Wakaifungua ya tatu.

Kilengeo wima. Mtutu umekaa. Nyundo ikavutika kama inavutwa kwenye siagi, na kila tundu likajifunga kwa mlio uleule mmoja. Risasi za bandia zikaingia zote, zikatoka zote, tik, tik, tik, zikaviringika kwenye kaunta. Kifyatulio kikaachia bila kukwaruza. Mpini ukalala kwenye kiganja cha Arlys kana kwamba kiganja kile ndicho kilichopimiwa.

"Hii ndiyo," Arlys alisema kwa sauti ndogo.

"Hii ndiyo," Corliss alisema.

Ndipo ikawaingia. Mbili zimekwisha kukataliwa. Imebaki moja.

Delmar akaangalia dari. Waswahili wa kale wamesema fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lile lilikuwa kaunta ya vioo tu.

"Mimi nimefika kwanza," Corliss alianza.

"Mimi ndiye niliyegundua kasoro za zile mbili. Bila mimi ungekwisha ondoka na mlevi wako!"

"Na bila mimi nani angekushikia tochi?"

"Kinara kingenishikia tochi!"

"Mama zangu, mama zangu," Delmar akainua mikono. Alifikiri kidogo, kisha uso wake mnene ukaanza kung'aa. "Nje kuna uwanja. Mnaahidi kwamba mmoja wenu anainunua leo, hata iweje? Maana nikishaichafua kwa baruti siwezi kuiuza kama mpya."

Hata hakumaliza. Wote wawili walikwisha shika mlango wa nyuma.

Habari ikatangulia miguu. Msichana wa kaunta ya mbegu akatoka, wachungaji wawili waliokuja kununua chumvi ya ng'ombe wakatoka, mmoja na kikombe cha kahawa mkononi, mwingine na mfuko wa karanga. Delmar akagawa miwani na vizibo vya masikio, akapanga makopo sita ya soda juu ya gogo, mgongoni mwake kilima cha mchanga. Akarusha sarafu. Corliss akatangulia.

Alisimama kama alivyosimama akiwa na miaka kumi na minne, bega moja mbele, kidevu chini. Kopo la kwanza likaruka. La pili. La tatu. La nne likabaki limekaa, na Corliss akatukana tusi ambalo msichana wa mbegu hakulitegemea kwa bibi wa kanisa. La tano likaruka, na la sita.

"Matano!" Delmar akatangaza.

Makopo yakapangwa upya, bastola ikajazwa. Zamu ya Arlys. Furaha ilikuwa imempanda. Alivuta nyundo kwa pupa, akafyatua kabla pumzi haijatulia. Mchanga uliruka juu ya kopo.

"Nafasi ya pili hiyo!" Corliss akaimba nyuma yake.

Arlys hakugeuka. Alishusha bastola, akavuta hewa yenye harufu ya majani makavu, akajiambia: umeona ilipopita? Imepita juu. Basi lenga chini kidogo. Akainua tena. Kopo likaruka! La tatu likaruka likizunguka juani. La nne, la tano, la sita, akawa hasikii tena kelele za watu, anasikia tu klik ya nyundo na mshindo mdogo mkavu.

"Matano kwa matano!" Delmar alikuwa sasa anapiga kelele kuliko wote. "Sare! Kile kisahani!"

Mbali, chini kabisa ya kilima, kisahani cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiganja kilining'inia kwenye mnyororo. Risasi moja moja, kwa zamu. Atakayekiliza ndiye mwenye bastola.

Corliss alifyatua. Vumbi, juu ya kisahani, kushoto kidogo. Akampa Arlys silaha, na kwa mara ya kwanza siku ile Arlys aliona kwamba mwenzake naye midomo imemkauka.

Arlys akavuta nyundo. Akashusha kilengeo chini ya kisahani, chini zaidi kuliko moyo ulivyotaka. Akangoja upepo upungue. Akabana.

Ting!

Sauti ile ilirudi kutoka kilimani safi kama kengele ya shule. Arlys Hruska, bibi wa wajukuu, aliikabidhi bastola kwa Delmar kwa adabu zote, kisha akaruka juu kwa miguu yote miwili, akapiga yowe lililowaamsha mbwa wa ng'ambo ya barabara. Mchungaji mmoja akamwaga karanga zake. Na Corliss Beem alimjia akiwa amekunja uso kama ngumi, akasimama mbele yake, halafu akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Miaka yote ile," alimwambia sikioni. "Mshenzi wewe. Ulikuwa unalenga hivi miaka yote ile, ila walikupa takataka za kulengea."

Arlys akamshika mkono.

Ndani, akajaza karatasi, Delmar akapiga simu ya kuuliza kama serikali inamkubali, na dakika zile za kungoja Arlys alizunguka kaunta ya mbegu kama kuku anayetafuta pa kutaga. Hatimaye Delmar aliweka simu chini, akatikisa kichwa kukubali, akamsukumia boksi. Corliss naye akaagiza yake, ya majira ya kuchipua.

"Lakini ikifika," alimwambia Delmar kwa kidole, "haifunguliwi mpaka huyu hapa awepo na vile vishaba vyake."

Nje, Arlys aliliweka boksi chini ya kiti cha gari, akawasha injini. Alikuwa hajatoka hata langoni, kioo kikagongwa. Corliss, mikononi mwake mfuko mkubwa wa takataka, vitu vinagongana ndani yake.

"Makopo," alisema. "Yote ya Delmar. Bado kuna jua la kutosha, na malisho yenu yana kile kilima kizuri upande wa mashariki."

"Gene anangoja chakula."

"Gene ana mikono."

Arlys akafikiri kwa muda wa kutosha kufungua mlango wa pili.

"Ingia," alisema. "Ila mimi ndiye naanza."