Mahameli ya Mwalimu

Dada yangu ana roho nzuri. Nalisema hili mapema, msije mkaniona sina shukrani. Ananivalisha, ananichana nywele, ananikatia nyama sahanini, na daktari akiniuliza nimelalaje, anajibu yeye. Mimi nakaa pale kama mzigo wa watu.

Ugonjwa wenyewe una jina refu mno, hata daktari kachoka, analifupisha kwa herufi mbili. Unaguguna mishipa ya fahamu kama panya na waya za umeme. Leo mguu hausikii, kesho jicho lina ukungu, keshokutwa nipo mzima nadhani nimepona. Halafu uchovu. Jamani, uchovu! Si ule wa kulala ukaisha. Huu naamka nao.

Lakini mimi ni fundi cherehani, na asubuhi vidole bado vinanitii. Wateja walishaanza kunikimbia, wanapita mlangoni wananipa pole badala ya vitambaa. Mwalimu wa shule ya jirani peke yake ndiye aliyeniletea mahameli ya zambarau. "Fundi, nishonee gauni la harusi ya binti yangu. Nakutaka wewe." Nilijikaza nisionyeshe furaha. Kazi hii ikiharibika, nitabaki mgonjwa tu, basi.

Asubuhi nikachora vipimo kwenye karatasi, nikakata karatasi. Mchana nikalala, maana mchana siwezi kitu. Kuamka, nakuta vipande vyote vya mahameli vimeshakatwa na kupangwa mezani.

"Nimekupunguzia kazi," dada akasema, uso unang'aa. "Na nimebana nafasi, kitambaa kimebaki!"

Nikapitisha kiganja juu ya vipande, kimoja baada ya kingine. Mahameli ina malaika, nywele laini kama za mkono wa mtoto, zinazolala upande mmoja, na vipande vyote hukatwa kufuata ulalo huo. Dada alikigeuza kipande cha mbele juu chini ili kitoshe. Kwenye mwanga wa dirisha nyuma ilikuwa zambarau, mbele karibu nyeusi.

"Nani kakutuma?"

"Si ulikuwa umechoka, mdogo wangu..."

"Nimechoka, sijafa!"

Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia kila kitu, ya nyama, ya daktari, yote. Akalia. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Nitamwambia Mwalimu ni mimi niliyeharibu," akasema.

"Humwambii kitu. Fundi ni mimi."

Nikapiga simu mwenyewe. Nikamweleza Mwalimu kwamba mbele itakatwa upya kutoka kwenye kitambaa kilichobaki, na itakuwa na mshono katikati. Akauliza, "Utaweza?"

"Nitaweza," nikajibu, wala sikuwa na hakika.

Asubuhi iliyofuata vidole vilikuwa vizito. Mahameli inateleza, mkasi unatetemeka, jasho linanitoka. Dada kasimama ukutani, mikono kaificha nyuma. Nilimwona anavyojizuia, midomo kaibana, lakini hakusogea. Nikakata kidogo, nikapumzika, nikakata tena. Kitambaa kikanikimbia.

"Nikushikie," akauliza polepole, "au nikuache?"

Tangu niugue, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Shika," nikasema. "Mkasi niachie mimi."