Majogoo Walioacha Kuwika

Majogoo wa Anisia walinona hadi wakaacha kuwika. Mtaa wa Musinzira ulimwonea kijicho, kumbe siri yake ilikuwa unga mweupe tu, "vitamini" alizouziwa na Bora, mama Mkongo mwenye kibanda mtaa wa Magarama. Mtu mwenye akili angejiuliza ni jogoo gani huyo asiyewika. Anisia hakujiuliza. Bintiye Christina alipoolewa mkoani Muyinga, alimfungia naye kopo la unga uleule, kwani bibi harusi hutunzwa na mamake anone, au sivyo? Kila mwezi kopo jipya lilipanda gari.

Mwaka na miezi mitatu ikapita, Christina hana mimba. Mama mkwe wake, Emerensiana, akasema wazi: Pasaka ikipita hivi, arudi kwao. Anisia akaongeza unga.

Asubuhi moja majogoo watatu walikutwa wamekufa, akamwita Leonardi, daktari wa mifugo. Leonardi alitoa damu ya jogoo mmoja aliyebaki hai, akaiacha itulie kichupani. Ikajitenga. Chini nyekundu, juu, palipostahili maji ya manjano, palikuwa peupe pe kama maziwa.

"Ni mafuta hiyo, mama," alisema Leonardi. "Kuku ya kutaga iko na mafuta mingi kwa damu, homoni yake ndiyo inaleta. Lakini jogoo? Vitamine haiwezi kufanya hivi. Uliyapa nini?"

Anisia alifika Magarama anahema. Bora hakuwa na haya hata kidogo.

"Si vidonge ya kuzuiya mimba, mama? Tunasagaka tu, tunaita vitamine. Kuku inanenepa mbio, si uliona?"

"Nimempa mwanangu!"

Bora alijishika kichwa. "Mungu wangu! Mi nilikuambia ni ya kuku!"

Na kweli alimwambia. Hilo ndilo lililomkata Anisia maini, kwamba hata wa kumtukana hakuwa naye. Akakaa chini palepale, katikati ya wapita njia.

Kesho yake alikuwa Muyinga. Alikataa kiti, akakataa na chai. Alisema yote akiwa amesimama, mbele ya Emerensiana, kabla moyo haujamgeuka: unga, vidonge, majogoo, damu nyeupe. Emerensiana aliziba mdomo kwa mikono miwili. Christina alimtazama mamake kana kwamba hamjui.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi si tasa?"

"Sijui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba kwa dawa ile asingeshika mimba mtu yeyote. Twende hospitali, wakupime na damu."

Christina alimrukia shingoni, analia na kucheka kwa pamoja, machozi yakimlowesha mamake bega. "Asante, mama," alisema. "Asante, asante."

Anisia aliduwaa, mikono imening'inia. Alikuwa amejiandaa kwa kofi, na kofi angelivumilia.