Mgeni wa Chumba cha Rangi

Mama Shigeno Hamaguchi alivua viatu mlangoni pa chumba cha rangi, akavipanga ukutani, kisha akasimama kimya na furushi lake kifuani. Mbele yake wanawake ishirini na wawili walikuwa wameinamia meza zenye taa, kila mmoja na glavu nyeupe mkononi, wakipaka rangi mkia wa samaki. Mikia ishirini na miwili, yote ya kijani kimoja, na hapana hata mmoja ulionuka shombo.

Binti yake, Fusae, alikuwa meza ya tatu kutoka dirishani. Alipoinua macho, brashi ilimgandia hewani. Walikuwa wamepatana wakutane jioni kwenye kituo cha treni, mama akishatoka kwa daktari wa masikio. Lakini daktari alimaliza mapema, na Mama Shigeno, ambaye hakuwahi kukaa bure saa nzima tangu azaliwe, alikuwa ameulizauliza njia Tokyo nzima mpaka akafika.

"Dada Fusae, una mgeni," alisema Nanae, msichana wa meza ya jirani. "Ni nani?"

Kwa miaka kumi na minne Fusae alikuwa amewaaminisha wenzake kwamba mama yake anauza vitambaa vya kimono mjini Nagoya. Katika juma lake la kwanza kazini, mtu mmoja alisimulia safari yake ya pwani ya Shima, jinsi alivyolipa nauli ya mashua kwenda kuwatazama wanawake wapiga mbizi: ngozi zao zilizoungua jua, sauti zao za kufokafoka, mapaja yao kama ya wabeba mizigo. Chumba kizima kilicheka. Fusae naye alicheka, na kicheko kikishatoka hakirudi kinywani. Aliyecheka namna ile angewezaje kusema baadaye kuwa mapaja yale ndiyo yaliyomlea?

"Ni mtu wa kwetu," alijibu sasa, bila kuinuka. "Jirani."

Mama alimtazama. Kitambo kidogo tu, kama mtu apimaye kina kabla ya kujitupa. Kisha akainama kwa heshima.

"Ndiyo, mimi ni jirani yake. Nimewaletea mwani mkavu. Ni haba, lakini mgawane."

"Jirani wa Nagoya!" Nanae alifurahi. "Basi unamfahamu mama yake, yule muuza vitambaa?"

"Namfahamu sana," alisema Mama Shigeno. "Mwanamke mwema. Ila vitambaa vyake ghali."

Wanawake wakaangua kicheko, wakamvutia kigoda. Fusae aliinamia tena kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa filamu ya katuni iliyoonyeshwa kila juma kwenye televisheni. Ilimhusu Minamo, binti wa mfalme wa bahari, aliyebadilisha mkia kwa miguu akaja kuishi mjini. Alikuwa na kitana cha uchawi, sare ya shule kama watoto wote, na sharti moja: asimwambie binadamu yeyote alikotoka. Nchi nzima ilimpenda. Wasichana wadogo walimwandikia barua, wakaweka ndani yake vifungo na maganda ya kombe. Fusae alimpenda pia, ingawa yeye alimjua kwa mgongo tu, kwa kuwa rangi hupakwa nyuma ya plastiki angavu yenye mchoro, na mtazamaji huona upande wa mbele, laini, usio na alama ya brashi.

Adhuhuri ile Bwana Kuwahata, mwongozaji wa filamu, aliingia na bunda la michoro kwapani na uso wa mtu aliyekesha na jino bovu.

"Nimemchora mara sita," alilalamika. "Anarudi baharini siku moja kumtafuta mtoto aliyepotea, na mara zote sita anakwenda kama kunguru! Nini kimenipata?"

Alizitandaza karatasi mezani. Mama Shigeno, aliyekuwa karibu, alinyoosha shingo.

"Samahani, bwana. Huyu anaruka. Hazamii."

Bwana Kuwahata aligeuka taratibu. "Endelea, mama."

"Anayeshuka, nywele humfuata kwa juu, zimesimama wima. Na hawezi kuwa na tabasamu hili. Anabana midomo. Halafu mkono wake uko wapi? Akifika chini lazima ashike mwamba, la sivyo maji yatamrudisha alikotoka. Akiibuka juu, hapo nywele zinamganda usoni, anakuwa mbaya kama paka aliyetumbukia pipani."

Wanawake walicheka, lakini mwongozaji hakucheka. Alikuwa amekwisha kuvuta kiti na kuanza kuchora, na kila mstari alimuuliza: hivi? Mama akasema, la, bega chini kidogo. Hivi? Sasa ndiyo. Saa nzima ilipita. Minamo akashuka kwenye karatasi, mzito, wa kweli, na Fusae akautambua ule mgongo. Alikuwa ameutazama ukipotea majini kila asubuhi ya utoto wake.

"Mambo haya umeyajulia wapi, mama?" aliuliza Bwana Kuwahata.

Mama Shigeno hakumtazama binti yake. "Nasikia tu watu wakisema. Kwetu watu husema sana."

Hapo palikuwa na nafasi, pana kama mlango wa ghala, na Fusae aliiona. Aliiona pia ikifungwa.

Jioni walikwenda hamamu ya mtaa. Nanae, aliyepanga chumba nyumba moja na Fusae, akafuatana nao.

"Daktari kasemaje?" Fusae aliuliza walipokuwa wakijisugua.

"Kasema mengi," alijibu mama, akaingia kwenye birika kubwa la kuogea lenye mvuke. Akalaza kitambaa chake ukingoni. Akavuta pumzi, si kubwa, akazama.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha bibi mmoja akaacha kujimwagia maji. Mwingine akasimama. Uso wa maji ulikuwa umetulia kama chai iliyosahauliwa.

"Dada Fusae!" Nanae alipiga kelele. "Jirani yako anakufa maji!"

Bibi mmoja mnene aliinua mguu aingie kumvuta, na Fusae, bila kufikiri, akamzuia kwa mikono miwili, uchi na povu mwilini.

"Mwacheni! Pumzi yake haijaisha."

"Wewe unajuaje?"

"Ni mama yangu," alisema Fusae. Mwangwi wa hamamu ukaichukua sauti yake ukaipeleka hadi darini. "Ni mama yangu. Ni mpiga mbizi wa Shima. Huzamia konokono wa baharini tangu ana miaka kumi na mitatu. Mwacheni."

Walimwacha. Wote walisimama wakingoja, hata watoto. Ndipo maji yakapasuka, na Mama Shigeno akatoka, nywele zimemganda usoni, na pumzi ikamtoka kwa mluzi mrefu, mwembamba, uliopanda ukakatika, kama sauti ya ndege asiyefika mjini. Alifuta macho, akawakuta wanawake wote wamemzunguka.

"Maji ya moto," alisema, kwa mshangao wa kweli. "Sijawahi kuzamia maji ya moto."

Nje palikuwa na baridi ya vuli. Nanae aliaga kwa kuinama sana, akatangulia. Mama na binti wakaifuata barabara ya maduka.

"Daktari kasema basi," mama alianza. "Nikizamia tena, na sikio la pili litafuata."

"Utafanyaje?"

"Msimu unafunguliwa Machi. Mpaka hapo nitafikiri."

Walipita duka la samaki. Fusae alitazama ardhi.

"Mama, nimewaambia. Kule ndani. Nimewaambia wewe ni nani. Nisamehe."

Mama aliendelea kutembea, akikagua bei za samaki. Baada ya hatua kadhaa akageuka.

"Ulisema kitu? Sikio la huko limekufa. Njoo huku."

Fusae alipita nyuma yake, akatokea upande wa pili. Maneno yaliyotoka kirahisi katika mvuke sasa yalikuwa mazito kama mawe. Akangoja mwendesha baiskeli apite. Kisha akayasema yote tena, kwa sauti kubwa mpaka muuza tofu akageuka kuwatazama.

Mama Shigeno alilihamisha beseni lake dogo la kuogea kutoka kwapa la kulia hadi la kushoto, mkono wa upande wa Fusae ukabaki mtupu, ukining'inia hapo kati yao. Wakapinda kona pamoja.