Mikate Isiyokosea

Shangazi alikuwa mtu wa kutenda, si wa kuuliza. Ndivyo alivyolijenga duka lake la mikate, ndivyo alivyomfukuza mume wa kwanza, na ndivyo alivyotaka kumsaidia binti wa kaka yake kufaulu utabiri wa biashara, somo ambalo yeye mwenyewe hakulijua kichwa wala miguu.

Binti huyo nyumbani walimwita Asilimia. Hakuwahi kusema ameshiba. Alisema ameshiba asilimia tisini. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alitazama juu, akafikiri, akakupa asilimia. Alihamia kwa shangazi yake kwa sababu chuo kikuu kilikuwa jirani, akapewa chumba nyuma ya tanuri, chenye joto hata siku ambazo hakuna aliyelihitaji.

Mwaka uliopita aliangushwa na mradi wa mwisho. Alitabiri mauzo ya muuza viatu, mvua ikanyesha wiki nzima, viatu vikalala dukani. Alirudi nyumbani macho mekundu, shangazi akamuuliza kulikoni.

"Kosa, shangazi. Kosa langu lilikuwa kubwa mno."

Shangazi akamkumbatia, asitake kujua zaidi. Msichana akikuambia ana kosa kubwa, unamshukuru Mungu kwamba ni la viatu.

Sasa ilikuwa mara ya pili, na chuo kile hakikutoa mara ya tatu. Akianguka tena, alikuwa anarudi kwa baba yake mikono mitupu. Safari hii akachagua duka la shangazi. Alichambua mauzo ya nyuma, akachora, akafuta, akachora tena, kisha akaandika mikate itakayouzwa kila siku katika wiki inayofuata, akaitia karatasi kwenye bahasha na kumkabidhi mhadhiri. Wiki ikiisha, angepeleka mauzo yenyewe, vilinganishwe mbele za watu.

"Na huyo mwalimu wako anatazama nini hasa?" shangazi aliuliza huku akikanda unga.

"Kosa tu. Anamuuliza kila mtu hilo hilo: kosa lako liko wapi? Hata jina tumempa, Bwana Kosa."

"Na akiliona?"

"Likiwa kubwa, ndiyo basi tena."

Asilimia alitaka kuendelea. Alitaka kueleza kwamba kosa katika somo lake ni ile tofauti kati ya kilichotabiriwa na kilichotokea, na kwamba hakuna utabiri duniani usio nalo. Lakini simu iliita, na shangazi alikuwa amekwisha kusikia alichokitaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kosa la mwaka huu halingeonekana kwa sababu halingekuwepo, alimradi yeye yu hai.

Namba hakuzitafuta, zilimfuata. Simu ile ilikuwa ya baba mtu, na Asilimia alimsomea utabiri wote, siku kwa siku, nyuma ya ukuta mwembamba, kwa sauti ya mtu anayeomba dua. Shangazi akazihifadhi kichwani, mahali alipohifadhi vipimo vya chumvi na hamira.

Jumatatu ilikwenda vizuri yenyewe, akaona utabiri ni kazi rahisi. Jumanne watu walifurika utadhani mikate inakwenda kupigwa marufuku. Alasiri haijafika, namba ilikuwa imetimia, na rafu bado imejaa. Akaingia fundi magari wa jirani, mikono imejaa grisi.

"Nipe mmoja, mama."

"Imekwisha."

"Mbona naiona?"

"Hiyo unayoiona ndiyo iliyokwisha."

Fundi akautazama mkate, akamtazama mwenye mkate, akakumbuka ana gari la mtu linamsubiri. Baada yake wakaja wauguzi wawili, nao wakaambiwa vivyo hivyo. Majivu, yule mwokaji aliyezeekea kwenye tanuri la duka lile, akachungulia kutoka jikoni.

"Mama, siku hizi tunafukuza wateja?"

"Tunasomesha," shangazi akasema, akafunga mlango.

Jumatano kibao kiligeuka. Waashi waliokuwa wakijenga ghorofa la mkabala hawakuja kazini, na wale ndio walikuwa walaji. Shangazi alivua aproni, akajaza kapu, akaingia mitaani. Mwenye saluni alinunua mitano baada ya kukumbushwa nani alimlelea mtoto alipolazwa hospitali. Mwalimu mstaafu, ambaye kinywani mwake hamkusalia jino hata la ushahidi, akanunua miwili.

"Nitaitafuna na nini, binti yangu?"

"Chovya kwenye chai, baba. Mtoto anasoma."

Jioni ukabaki mmoja. Shangazi akajiuzia mwenyewe, akajishukuru kwa kuja, akaula mkavu huku amesimama.

Siku zilizobaki zilikwenda hivyo hivyo, leo anafukuza, kesho anabembeleza. Kila jioni Asilimia alimuuliza Majivu mauzo ya siku, na Majivu akayataja huku anatazama sakafu, maana alikwisha kuonywa. Siku ya kwanza msichana alitabasamu. Siku ya tatu alikunja uso. Jumamosi alikula kimya, na shangazi akachukulia kwamba hiyo ni ile furaha inayokosa maneno.

Siku ya kuwasilisha, wazazi na walezi waliruhusiwa ukumbini. Shangazi alikaa mstari wa mbele, gauni jipya, mkoba magotini. Bwana Kosa alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mizito na sauti ya chini, na wanafunzi walimwogopa kwa hiyo sauti. Asilimia akaonyesha mchoro wake ubaoni: mstari mwekundu wa utabiri, mstari wa bluu wa mauzo. Tatizo ni kwamba mwekundu haukuonekana. Wa bluu ulikuwa umelala juu yake mwanzo hadi mwisho.

"Kosa lako liko wapi?"

"Nimelitafuta sana, mwalimu," Asilimia akasema kwa sauti ndogo. "Sina."

Shangazi nusura apige vigelegele.

Bwana Kosa akavua miwani. "Benki zina kosa. Watu wa hali ya hewa wana kosa. Mimi mwenyewe ninalo, muulize mke wangu. Mikate ya mtaani kwenu tu ndiyo haina? Binti, namba hizi umezipika."

Ukumbi ukanong'ona. Akaongeza kwamba wapishi wa aina hiyo huenda kwenye kamati ya nidhamu, na wakitoka huko hawarudi darasani.

Katika maneno yote hayo shangazi alishika moja tu. Akasimama.

"Samahani, mwalimu. Huyo hajui kupika hata maji. Hapa mpishi ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kosa hakucheka. "Umepika wewe, mama?"

"Wiki nzima! Mimi na Majivu."

Kisha akamwona Asilimia. Msichana alikuwa ameshika kalamu ya ubao kwa mikono miwili na machozi yanamtoka, na ndipo shangazi alipoelewa kwamba pale hapakuwa panazungumzwa mikate. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Kiti kilikuwa nyuma yake, angeweza kukaa na kunyamaza. Lakini angekaaje, na mtoto wa kaka yake anatolewa kafara mbele ya macho yake?

"Kosa unalolitafuta lipo, mwalimu," akasema. "Kosa ni mimi."

Akaeleza yote: fundi magari, wauguzi, kapu, mzee asiye na meno, hata ule mkate mkavu. Mwishoni hakukuwa na aliyecheka. Asilimia akageuka, na shangazi akajiandaa kwa matusi, maana aliyastahili.

"Shangazi," msichana akasema, akijifuta pua kwa kiganja. "Wale wa Jumanne walikuwa wengi?"

"Wengi, mwanangu. Wengine walirudi mara mbili."

"Na Jumatano mingapi ilitoka kwa kapu?"

Shangazi akataja, na wale wa Jumanne akawahesabu mmoja mmoja. Asilimia akachukua kalamu ya tatu, akachora mstari mpya. Jumanne ukapanda juu ya mwekundu, Jumatano ukaporomoka chini yake. Bwana Kosa akainuka kitini, akausogelea ubao hadi pua ikaribie kuugusa, na wanafunzi wakaona kitu ambacho hawakuwahi kukiona: meno yake.

"Hilo hapo!" akasema. "Kosa zuri. Kosa lenye afya."

Lakini maksi hazitolewi kwa mikate ya kukumbuka, akasema. Bahasha mpya, wiki mpya. Ukikosea kidogo na ukajua kwa nini, umefaulu. "Na wewe mama, uza tu. Anayekuja mpe, asiyekuja mwache."

Katika maisha yake yote shangazi hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo ya kuuza tu. Mwalimu mstaafu alipita mbele ya dirisha akikimbia kidogo, na yeye akamwacha apite. Siku mkate ulipobaki, miguu ilitaka kumwinua, akakalia mikono yake, sijui kwa nini mikono.

Jumamosi jioni Asilimia aliingia, akaitazama rafu, akahesabu kwa kidole midomo ikichezacheza. Akachukua mauzo ya wiki yote kwa Majivu, safari hii Majivu anamtazama usoni. Akakokotoa. Halafu akapiga ukelele, akamrukia shangazi yake shingoni.

"Nimekosea, shangazi! Nimekosea kila siku, kidogo kidogo, na najua kwa nini!"

Shangazi akamshika kwa nguvu. Juu ya bega la msichana aliiona ile mikate iliyobaki, ambayo kesho hakuna mtu angeitaka, na machozi ya furaha yakamtoka.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Hongera sana kwa kukosea."