Jicho la Kushoto la Narae

Siku ya kumkumbuka marehemu baba yake, Narae alipewa kazi ya kufuta vumbi kwenye picha yake. Bibi, mama wa marehemu, alikuwa jikoni anabanika nyama ya papa, ile ya chumvi, maana kwao Yeongcheon, Korea, meza ya chakula cha marehemu isiyo na papa ni aibu ya ukoo mzima. Mama naye alikuwa palepale akikaanga samaki wa kuchovya kwenye yai. Wamepeana migongo, katika jiko ambalo mmoja akipumua mwingine anapata joto.

"Nimesema moja," Bibi alisema. "La kushoto. La kulia lina mkunjo wake, jicho la mwanangu hilo. Kisu kisilisogelee."

"Daktari amesema likipasuliwa moja, kulilinganisha na mwenzake ni kazi. Yote mawili, Bibi," Mama alijibu.

"Daktari anauza! Ulishamwona muuza samaki anayekwambia mmoja unatosha?"

Narae alikuwa sebuleni, kitambaa mkononi, anasikia kila neno. Tangu mtihani wa kuingia chuo uishe, nusu ya wasichana wa darasa lake walishakwenda Daegu kupasuliwa kope ziwe na mkunjo, na kurudi na miwani ya jua na macho yaliyovimba kama wameumwa na nyuki. Yeye alilitaka jambo hilo kuliko alivyoyataka matokeo. Jicho lake la kulia lilikuwa na mkunjo juu ya kope, kubwa, wazi. La kushoto halikuwa nao, limelala bapa. Shuleni walimwita Nusu Bei. Kila asubuhi alibandika utepe mwembamba wa gundi juu ya kope ya kushoto ili ijikunje, na kila jioni ngozi ikawasha.

Hospitali ingepiga simu jioni hiyo. Walitaka neno moja tu: jicho moja, au mawili.

"Wewe unataka la mwanangu lifutike," Bibi aliendelea. "Kope zako mwenyewe kama mfuko ulioshonwa mdomo, umempa mtoto moja, sasa unataka kuharibu na la baba yake."

"Ndiyo, la kushoto ni langu. Nimempa. Mbona mimi nakubali lipasuliwe?" Mafuta yalitatarika. "Hilo la mwanao kila asubuhi linanitazama kama linaniuliza pombe nimeificha wapi."

"Mshenzi! Siku ya leo!"

Baba yake Narae, Pyo Gilsu, alitumbukia bwawani na lori la zabibu, amelewa, Narae akiwa na miaka mitatu. Hamkumbuki. Alichonacho ni picha ile ya msibani: mwanamume mwenye tai, macho mawili makubwa yenye mikunjo, yanafanana kama mapacha. Na kila alipojitazama kwenye kioo aliambiwa: kulia baba, kushoto mama. Basi ukikata moja umemkata mama, ukikata yote umewakata wote wawili. Angechaguaje?

Aliigeuza fremu afute vumbi la nyuma. Kibanio kililegea, ubao ukachomoka, kikaanguka kipicha kidogo kama cha kitambulisho. Alikiokota. Shati lilelile, tai ileile. Ndicho mpiga picha alichokikuza. Lakini jicho la kushoto halikuwa na mkunjo.

Narae alikwenda kwenye kioo cha mlangoni. Akabandua utepe, polepole, maana ngozi ilikuwa imechubuka. Akakiweka kipicha shavuni pake.

Macho yake. Yote mawili, yaleyale.

Wanawake walipoingia na sinia, walikuta picha kubwa imesimama mahali pake, na mbele yake ile ndogo, imeegemezwa kwenye peari juu ya meza ya marehemu.

"Nani kaweka hiyo?" Bibi aliuliza.

"Huyu ni nani, Bibi?"

"Ondoa."

"Nimeuliza ni nani."

Bibi aliweka papa mezani. "Mpiga picha alisema anaweza kuyasawazisha. Watu wote wa mji wangekuja msibani kumwinamia. Walimcheka tangu mdogo. Nilitaka siku ile moja asichekwe."

"Na mimi ukanicheka wewe. Ukasema la mama."

"Lilifanana na lake."

Mama aliangua kicheko, upawa bado mkononi. "Kisu kisilisogelee! Wewe mwenyewe umemfanyia mwanao jicho moja, tena maiti!"

"Na wewe nyamaza," Narae alimgeukia. "Ulilala naye kitanda kimoja. Ulijua."

Kicheko kilikatika.

"Nilijua."

"Ukasema langu, nimempa."

"Nimetukanwa kwa jicho hilo tangu ulipozaliwa," Mama alisema. "Lilishakuwa langu. Pua ya kwao, kidevu cha kwao, hata masikio. Sina kingine usoni mwako, Narae. Nimetafuta."

Simu ikalia, Narae akaipokea. Ilikuwa sauti laini ya dada wa hospitali, anauliza wamefikia wapi.

"Moja," Bibi alisema.

"Mawili," Mama alisema.

Narae aliwatazama, mmoja kisha mwingine, bila utepe.

"Hakuna," alimwambia dada wa simu. "Futa jina langu."

Akakata.

"Umepata wazimu?" Mama alisema. "Ulilia mwaka mzima!"

"Nililia. Sasa mtanitazama hivihivi, mkila, mkinywa, hadi mchoke. " Akaionyesha picha ndogo. "Huyu ndiye mwanao, Bibi. Na huyuhuyu ndiye mumeo, Mama. Yule wa picha kubwa mnayemgombea hayumo usoni mwangu."

Mlango ulifunguliwa kidogo ili marehemu aingie, maana wageni wa namna hiyo hawabishi hodi. Bibi aliilaza ile picha ndogo kifudifudi. Narae akaisimamisha. Bibi akailaza tena. Narae akaisimamisha, na safari hii akaishikilia mpaka Bibi akaondoa mkono wake. Mama alimimina pombe, akaweka vijiti vya kulia juu ya papa kwa kishindo.

Wakainama, watatu, vipaji vya nyuso kwenye mkeka.

Pale chini ndipo machozi yalipomtoka Narae, ya hasira. Chuo kinafunguliwa mwezi wa tatu, na angeingia na jicho lilelile, Nusu Bei. Mfukoni vidole vilikuwa vinauviringisha ule utepe. Hakuutupa.