Kimya cha Rabi Kalmen

Anshel aliuliza swali lake akiwa kitandani, midomo imemkauka kwa homa. Juma lile masinagogi yote yalikuwa yanasoma habari za Haruni, kuhani aliyeona wanawe wawili wakiteketezwa na moto wa Mungu, naye asitoe hata neno.

"Baba, alinyamaza kwa sababu alikubali, au kwa sababu hakuwa na la kusema?"

"Pona kwanza, mbishi wee," Rabi Kalmen akamwambia. "Sabato nitakujibu mbele ya watu wote."

Kila mwaka rabi alifundisha jambo lile lile: Haruni alikubali, na kimya chake ndicho kilichompa heshima. Katika mji ule mdogo wa Lithuania, Anshel, mwanawe wa pekee, ndiye tu aliyethubutu kumwambia kwamba jibu hilo ni jepesi mno. Walikuwa wakibishana mpaka supu inapoa, na rabi hakuwa na raha nyingine iliyoizidi hiyo. Jumanne kijana akafa. Wakamzika siku hiyo hiyo, kwenye tope la mwisho wa baridi.

Rabi na mkewe Freyde wakakaa matanga kwenye vigoda, nguo zimechanwa kifuani, kioo kimefunikwa shuka. Majirani wakaleta mayai ya kuchemsha. Mfiwa haruhusiwi kusoma Torati, maana Torati huufurahisha moyo, na hiyo ndiyo sheria ya kwanza Rabi Kalmen kuichukia maishani mwake. Vitabu vilikuwa pale pale ukutani. Jibu la mwanangu limo humo, alijiambia, na mimi nimefungwa mikono.

Ijumaa akaja Yudl, mtunza sinagogi.

"Rabi wetu, watu wanakuhitaji kesho. Umma ukimhitaji, mfiwa anaruhusiwa kufundisha. Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

"Hebu mwacheni!" Freyde akamkatiza. "Humwoni alivyo? Mnataka kumkamua mpaka tone la mwisho?"

"Nitakuja," rabi akasema. Alikuwa amemwahidi Anshel.

Sabato akasimama mbele ya watu. Yale mafundisho ya kila mwaka yakamjia yenyewe kwenye ulimi, akayakataa. Akatafuta mengine. Akamtafuta Mungu aliyezoea kumpata katika kila mstari, hakumwona. Ndani mwake mlikuwa mtupu, kama nyumba iliyohamwa. Akashika meza muda mrefu, kisha akarudi kuketi.

Watu wakaanza kunong'ona. Yudl akalia machozi. "Mmeona, ndugu zangu? Hiyo ndiyo tafsiri! Leo tumemwona Haruni kwa macho yetu!" Wanaume wakapanga foleni kumpa mkono. Rabi alitaka kuwaambia wamekosea, akaishia kuitikia kwa kichwa.

"Wanasema umefanya makubwa," Freyde alimwambia nyumbani. "Ni kweli, Baba Anshel?"

"Sikuwa na kitu, Freyde. Nilitafuta nikakuta patupu."

"Si ungewaambia?"

"Nilishindwa."

Freyde hakumlaumu. Aligeukia ukuta, akalia peke yake.

Matanga yalipokwisha, homa ile ile ikamchukua binti wa Hinde, mjane muuza samaki. Makaburini Hinde aligaagaa kwenye tope, akimwuliza Mungu kwa sauti mtoto alimkosea nini. Yudl akamwinamia, tena kwa huruma.

"Nyamaza, mama. Mwangalie rabi wetu. Amemzika wa pekee, hakutoa hata sauti."

Wote wakageuka kumtazama. Hinde naye akamtazama, macho mekundu, kama mtu anayeomba ruhusa. Safari hii rabi alikuwa na la kusema.

"Lia, Hinde. Piga kelele. Mimi sikunyamaza kwa imani. Nilinyamaza kwa sababu sikubakiwa na kitu. Hata sasa sina."

"Mnasikia unyenyekevu huo?" Yudl akawaambia wenzake, sauti ikitetemeka. "Mtakatifu hajijui."

"Yudl, nasema kweli!"

"Tunajua, rabi wetu, tunajua."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hinde akatazama nyuso zile moja moja, akaona aibu. Akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akaisokomeza mdomoni, akaiuma. Wachimbaji wakaendelea kufukia.